Zambarau ya mama: ukuta mmoja, rangi za makampuni matatu

Jamani assalam alaykum. Wiki sita sasa kila anonipigia simu ananiuliza mbona kimya, na jawabu ni moja tu, nilikuwa natafuta zambarau ya ukutani. Nimejifunza mambo mengi mno, nnaona nikikaa nayo peke yangu ntakuwa nimefanya choyo, kwa hivo kaa kitako manake leo ni ndefu.

Chumba cha mama nyumbani Jang'ombe, Unguja, kilipakwa zambarau mwaka 2018, ilikuwa harusi ya mdogo wangu. Mwaka ule zambarau ilikuwa kila pahala, Pantone wale wa Marekani waliitangaza Ultra Violet, nambari 18-3838, kuwa ndo rangi ya mwaka 2018, na huku kwetu ikaingia kwenye madera, kwenye mapambo ya ukumbi, kwenye utepe wa sinia za biskuti, mwisho ikaingia ukutani kwetu. Bibi harusi kala fungate yake mule, kaondoka kenda kwa mumewe, mama akahamia yeye. Akatia kitanda chake cha samadari, sanduku la marehemu bibi, pazia jeupe dirishani, na toka siku hiyo chumba kile hakikuguswa.

Masika ya mwaka huu maji yakapenya juu kwenye zege na kushuka na ukuta wa nyuma ya mlango. Ukavimba, rangi ikatoka maganda, ukibandua unakuta chumvi nyeupe kama unga wa muhogo. Fundi kaziba juu kwanza (msikubali fundi apake rangi kabla ya kuziba maji yanapotokea, ni pesa mnazimwaga), kisha kabandua plasta yote ya ukuta ule kapiga mpya. Sasa tuna kuta tatu zambarau na mmoja wa saruji. Wote tukasema si tupake chumba kizima upya tumalize. Mama akasema, "Kuta tatu zina kosa gani? Mie nataka huu uwe kama wenziwe. Basi." Na chumba ni chake, mie sikuona sababu ya kubishana na mtu wa miaka 71 juu ya rangi anayoamka nayo kila alfajiri.

Kopo la zamani tulikuwa nalo, lipo chini ya ngazi, limekauka ndani lakini kifuniko kina karatasi yake: jina la kampuni, jina la rangi kwa Kiingereza, nambari, na besi iliyotumika, yani rangi ya mwanzo kabla ya kukolezwa. Nkafurahi nkaona kazi imekwisha. Nikenda Mwanakwerekwe kwenye duka lile lile, sasa linauza simu. Nkauliza Darajani, nkauliza Mlandege, rangi ya kampuni ile haiji tena Unguja. Ndo hapo safari ilipoanza.

Mara ya kwanza nilipiga picha ukuta kwa simu nkenda nayo dukani, nkamuonesha kijana, tukafungua kadi ya rangi tukatizama picha tukatizama kadi mpaka tukaipata moja tukasema hii hii. Akanichanganyia lita moja. Ukuta wenyewe ulikuwa bado mbichi, fundi kanikataza kuugusa, kwa hivo nkapaka kwenye kipande cha jipsamu kilichobaki tulipofanya dari ya ukumbi. Ikakauka, nkakiegemeza na ukuta wa zamani. Asubuhi kile kipande kimekaa kama maji ya nili, bluu tupu, na usiku taa ilipowashwa kikawa kama ubuyu. Ukuta wa mama haufanyi hivo, asubuhi ni zambarau na usiku ni zambarau.

Nilikuja kuelewa baadae. Kamera ya simu inapopiga picha inajikisia yenyewe nyeupe ni ipi, na kwenye chumba ambacho karibu kila kitu ni zambarau inakosea, inavuta rangi zote mbali na zambarau. Kisha kioo cha simu kinaionesha kwa namna yake, na yule kijana kaitizama chini ya taa ya duka. Rangi imehama mara tatu kabla haijafika kwenye kadi. Kama ingekuwa maziwa au kijivu pengine ingesameheka lakini zambarau haisamehe hata kidogo, na sababu ni zambarau yenyewe ilivo.

Hebu fikirini. Ukimwambia mtu zambarau kila mtu anaona tunda lake. Kuna iliyoanza kuiva ina wekundu, kuna iliyowiva kabisa imekaribia weusi, na kuna ile inayobaki ulimini ukishakula, nayo haifanani na tunda lenyewe. Wengine wanaiita urujuani, na skuli tulifundishwa urujuani ndo ya mwisho kwenye upinde wa mvua, baada ya nili. Lakini si kitu kimoja. Urujuani ni mwanga wa peke yake, upo ukingoni kabisa pale jicho la binaadamu linapokaribia kuacha kuona, urefu wa wimbi lake kiasi cha nanomita 400 hivi. Zambarau kwenye upinde haimo. Zambarau inapatikana jicho likipokea nyekundu na bluu kwa pamoja bila ya kijani katikati, yani ni mapatano ya rangi mbili, na mapatano ya wawili mmoja akiongeza sauti kidogo tu mwengine hasikiki. Ukizidisha bluu kidogo watu wanaona bluu, ukizidisha nyekundu kidogo wanaona waridi. Beji ikikosewa kidogo bado ni beji.

Mara ya pili nkasema picha basi, ntakwenda na kifuniko cha kopo. Nikenda duka la kampuni nyengine, nalo lina kompyuta, na kumbe kompyuta zile zina nambari za rangi za makampuni mengine pia, unamtajia jina na nambari ya mwenzake na yenyewe inatafuta fomula ya kukaribia kwa rangi zake. Ikaja, kanichanganyia, nkarudi nyumbani nkapaka kipande cha pili cha jipsamu. Safari hii ilikaribia kweli, lakini ikawa na majivu ndani yake, na ilikuwa imekolea kuliko ukuta. Nkarudi kuuliza kwa nini, na yule kijana wa mashine Mungu ambariki kanifahamisha vizuri sana, kanifungulia makopo yote nkaona kwa macho yangu.

Rangi unayonunua haitoki kiwandani zambarau. Inatoka besi. Besi nyeupe imejaa titaniamu dioksaidi, ndo ule weupe wenyewe unaofunika ukuta, hiyo ni ya rangi za mwangaza. Besi ya rangi zilizokolea ina kidogo, na ile ya mwisho kabisa ni kama haina, ukiitizama ndani ya kopo unaona kama uji wa muhogo lakini ikikauka haina weupe. Kisha mashine inadondosha rangi kali za kukolezea tone kwa tone, nyeusi kadha, nyekundu kadha, urujuani kadha. Fomula ni hesabu ya matone yale kwa besi ile ya kampuni ile. Ukiichukua fomula ya kampuni A ukaitia kwenye besi ya kampuni B unapata kitu chengine, manake weupe wao si sawa na rangi zao kali si sawa, "nyekundu" ya mmoja inaelekea chungwa na "nyekundu" ya mwengine inaelekea waridi. Ni kama umpe mtu vipimo vya biriani ya Bi mkubwa wako lakini bizari zake katoa duka jengine. Kwa hivo jina la rangi ndo halina maana kabisa, majina wanajitungia, hata kama makampuni mawili yana rangi jina moja usidhani ni moja.

Kuna kitu chengine kilichokuwa kikinipoteza. Nyuma ya kadi kwenye kila rangi huwa kuna nambari inayosema rangi inarejesha mwanga kiasi gani, kutoka 0 ambayo ni weusi mtupu mpaka 100 ambayo ni weupe mtupu. Mie nilipoona ya zamani na mpya zinakaribiana nkaona basi ndo hiyo hiyo. Sivo. Nambari ile inakwambia mwangaza tu, haikwambii kama imeelekea bluu au nyekundu. Kijani na zambarau zinaweza kuwa na nambari moja. Ni ya maana ukitaka kujua chumba kitakuwa kiza kiasi gani, na kwa zambarau ilokolea muiangalie kweli, lakini si ya kulinganishia.

Binamu yangu aliyeko Muscat kaniambia nitumie nambari zisizokuwa za kampuni yoyote. Wazo zuri ila kwangu lilikuwa limechelewa. RAL ya Wajerumani imeanza mwaka 1927 na rangi 40 tu, leo ukitizama kwenye ile ya kawaida wanaoiita Classic, upande wa zambarau una nambari 12, kutoka 4001 mpaka 4012, na nyengine kati yao ni za kumetameta, hakuna hata moja iliyokuwa ya mama. NCS ya Sweden ina nyingi zaidi na nambari zake zinasomeka, mfano S 3030-R50B maana yake weusi 30, ukali wa rangi 30, na R50B ni nusu ya njia kutoka nyekundu kwenda bluu. Kama ndo unaanza, ukuta bado mweupe, basi chagua huko kwanza uandike nambari, miaka kumi baadae kampuni yoyote itajaribu kukufikishia pale pale. Sie tulikuwa na ukuta ulokwisha pakwa.

Na hapo fundi ndo akatoa la maana kuliko sote. Kaniuliza, "Dada, unatafuta rangi ya kopo au rangi ya ukuta?" Nkamwambia si ndo moja. Akachukua bisibisi akafungua kava la swichi, nyuma yake pana rangi ile ile ya 2018 haijaonja jua. Wallahi nilishangaa. Ile ya nyuma ya kava imekoza, ina uhai, na ile ya nje imepauka, imeingia uvumbi. Miaka yote mie nilikuwa nikidhani rangi ya mama ni ile ya nje. Zambarau nyingi hupauka zaidi kuliko rangi za udongo, na ukuta unaopigwa na jua la dirishani ndo mbaya zaidi. Dirisha la mama linatizama kaskazini, na sisi tuko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hivo miezi ya Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini na linaingia chumbani moja kwa moja, wakati wa kaskazi mwezi wa Disemba haliingii. Ukuta unaotizamana na dirisha umepauka zaidi ya wa pembeni. Yani kwenye chumba kimoja tuna zambarau tatu, na nambari ya kwenye kifuniko ingenipa ile ya nyuma ya swichi, ambayo hakuna anayeiona. Fomula ya pili isingefaa hata kama ingekuwa sahihi kabisa.

Kwa hivo tukakata kipande cha ukuta wenyewe. Fundi kachagua ukuta unaokutana na ule mpya, chini nyuma ya sanduku, kabla ya kukata kapafuta kwa kitambaa kibichi cha maji na sabuni kidogo, na kitambaa kikatoka rangi ya chai. Moshi wa udi jamani. Mama anafukiza kila Alkhamisi usiku na kila Ijumaa kabla ya sala, na moshi ule unaganda ukutani taratibu, hulioni kwa sababu unalizoea. Mukitaka kusomesha rangi lazima musafishe kwanza, usije ukanunua ndoo nzima iliyochanganywa kwa kufuata moshi. Kisha kakata kwa kisu kipande kikubwa kuliko sarafu, bapa, na plasta nyembamba kama karatasi nyuma yake, nkakitia kwenye bahasha nkenda nacho duka la tatu, ambalo ndo lina mashine ya kusomea.

Mashine hiyo inaitwa spektrofotomita, ndogo unaishika mkononi, ina kijitundu, unaiweka juu ya kipande inawasha mwanga wake yenyewe inasoma kila sehemu ya mwanga kiasi gani unarudi, kutoka urujuani mpaka nyekundu. Kompyuta inalinganisha na rangi zake kali inatoa fomula ya karibu, na inakwambia umbali uliobaki kwa nambari wanaiita Delta E. Ikiwa 1 au chini ya hapo jicho la kawaida linapata tabu kuona tofauti. Yetu ilitoka chini ya 1. Nkapakiwa lita moja, kipande cha tatu cha jipsamu, nkakiegemeza ukutani saa nne asubuhi, nkarudi nyuma hatua tatu sikioni. Kimezama ukutani. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Usiku mama kawasha taa yake ya kitandani, ile ya manjano. Kipande kikatoka ukutani kikasimama peke yake. Kimekuwa chekundu, ukuta umebaki zambarau. Nkawasha taa ya juu nyeupe, kikarudi kidogo. Nkazima nkawasha, nkazima nkawasha. Mchana ni moja na usiku ni mbili.

Hili lina jina, wanaliita metamerisimu, na kwa watu wa zambarau ndo donda lenyewe. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya mwanga mmoja na zikaachana chini ya mwengine, kwa sababu zimefika pale kwa njia tofauti. Ukuta wa mama ulichanganywa kwa kutumia rangi kali ya urujuani yenyewe, pigmenti moja. Fomula ya duka la tatu ilifika kwa kuchanganya nyekundu na bluu na nyeusi. Jicho mchana linaona sawasawa. Lakini taa ya manjano, ya Kelvini 2700 hivi (ndo kipimo cha rangi ya mwanga wa taa), ina nyekundu tele na bluu kidogo, kwa hivo ikiipiga rangi ya mchanganyiko inaiamsha nyekundu yake na bluu inalala. Taa nyeupe za nyumba zetu nyingi ni Kelvini 6500, hizo zina bluu nyingi. Kwa hivo rangi inayofaa nyumba ya jirani yako mwenye taa nyeupe tupu pengine kwako isifae, na taa ya dukani hukumu yake ni ya dukani tu.

Nilikuwa nshachoka, nakiri. Na siku ya pili yake ndo mama akanipa somo ambalo hakuna mwenye mashine aliyenipa.

Mwezi wa Rajabu mama alifanywa jicho la kulia, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, hili la kushoto bado. Sasa mchana ule mie nimekaa na kipande changu cha tatu najipa moyo, namwambia mama tizama mchana mbona sawa. Mama akatizama akasema si sawa. Nkamwambia mama sawa. Akafumba jicho moja akafumbua, akafumba jengine. Akasema, "Njoo mwanangu. Kwa jicho hili la zamani ni sawa, vyote naona rangi ya kahawa na maji. Kwa hili jipya kile chako kina wekundu. Na ukuta wangu... mie sikujua kama ukuta wangu bado mzuri hivi." Akanyamaza. Nami nkanyamaza.

Nilikwenda kumuuliza daktari siku ya kumrejesha kwa kuangaliwa, akasema ndivo. Lensi ya jicho kadiri mtu anavokua inaingia manjano, na mtoto wa jicho anazidisha, na manjano ile inazuia bluu na urujuani kwanza kabla ya rangi nyengine. Mtu anapotolewa ile lensi akatiwa mpya rangi zinazorudi kwa nguvu ni hizo hizo, bluu na zambarau. Mama miaka yote ile alikuwa akiikosa rangi yake pole pole bila ya kujua, alikuwa anaipenda kwa kumbukumbu, na sasa jicho moja limemrudishia. Alipokataa kupaka chumba upya ilikuwa baada ya kufanywa jicho. Mie nilidhani ni ukaidi wa wazee, astaghfirullah.

Toka hapo hakimu akawa mama. Nikarudi duka la tatu kwa kijana wa mashine ya kusomea, nkamuomba mambo mawili. Kwanza aiambie kompyuta isitafute fomula kwa mwanga wa mchana peke yake, aitie na taa ya manjano, programu ina mahali pa kuchagua. Pili aanze na rangi kali ya urujuani kisha arekebishe kwa nyeusi na chembe ya nyekundu, asianze na nyekundu na bluu. Delta E ya mchana ikapanda kidogo kuliko ile ya mwanzo, yani kwenye karatasi ilikuwa mbaya zaidi, akanitizama akasema "bi dada una hakika?" Nkamwambia changanya. Na kwenye zambarau ntasema hivi kwa sauti, afadhali rangi iliyokosea chembe lakini inakosea sawasawa asubuhi na usiku kuliko iliyopatia mchana ikahama usiku.

(Rangi zenyewe hizi za zambarau zina historia. Zamani watu wa Sur, Lebanoni ya leo, waliikamua kutoka kwa konokono wa baharini, wengi kwa kitambaa kimoja. Ya kwanza ya kutengenezwa kaipata kijana wa miaka 18 London, William Henry Perkin, mwaka 1856, na alikuwa hatafuti rangi, alikuwa anatafuta kutengeneza kwinini ya kutibu malaria. Sie tuliokunywa ile chungu utotoni tuna haki ya kulijua hilo.)

Kipande cha nne kilikaa chumbani siku tatu. Tulikihamisha kila ukuta, alfajiri, adhuhuri pazia likiwa wazi, magharibi, usiku kwa taa ya juu na kwa ya kitandani, na siku umeme ulipokatika tukakitizama kwa taa ya simu. Mama kwa jicho la kulia, mama kwa la kushoto, mie, fundi, na mtoto wa ndugu yangu wa miaka tisa ambaye kwa maoni yangu ndo mwenye macho bora kuliko sote. Sote tukasema ndiyo.

La kupaka nalipitia haraka manake fundi wenu atajua. Plasta mpya ya saruji ina magadi makali, na magadi yanazila rangi nyengine, kwa hivo tuliuacha ukuta wiki nne ukauke kabisa, kisha praima ya kuhimili magadi, na aliitia kijivu kidogo ili zambarau ishike. Mikono mitatu, si miwili, kwa sababu besi ile haina weupe wa kufunika. Makopo yote yalimiminwa kwenye ndoo moja yakakorogwa pamoja kabla ya kuanza, hata kopo mbili za fomula moja zinaweza kutofautiana. Ukuta mzima kutoka kona mpaka kona, usijaribu kabisa kuziba kipande katikati ya ukuta, kona inavunja mwanga na tofauti ndogo inapotelea pale. Na mng'aro uwe ule ule, ya zamani ilikuwa silki, inayong'aa kidogo, na mie nilikaribia kununua mati, isiyong'aa, rangi moja mng'aro tofauti jicho linaona mbili. Alipopaka mkono wa kwanza mama aliingia akasema mbona nyeupe nyeupe, fundi kamwambia "bi mkubwa subiri ikauke," manake rangi ya maji ikiwa mbichi inakuwa na maziwa, ikikauka inakoza. Msihukumu rangi mbichi.

Wenye nyumba za Mji Mkongwe mulioniuliza kama na nyinyi mupake zambarau, nyinyi jambo lenu jengine kabisa. Kuta zile za mawe na chokaa zinataka kupumua, ukizipaka rangi hizi za plastiki unafungia unyevu ndani na zinavimba kuliko wetu ulivovimba. Ziko za chokaa za kutia rangi za udongo, nyekundu, manjano, kahawia, hizo chokaa inazikubali. Zambarau ya kopo kwenye chokaa mbichi huwa haikai. Marehemu bibi alikuwa akitia nili kwenye chokaa na ule ubuluu mdogo ulikuwa unapendeza, lakini zambarau kama ya mama hamtoipata kwa njia hiyo, tieni pazia au busati.

Ukuta sasa una siku kumi na mbili. Ukiingia ukaambiwa utafute upi mpya utakosea, nimewajaribu wageni wanne. Ukikaa muda na kujua pa kutizama, utaona ule mpya una uhai kidogo zaidi saa za adhuhuri, chembe tu, na nnajua jua la Juni litauleta pamoja na wenziwe.

Fomula nimeiandika kwa penseli nyuma ya kava la swichi, jina la kampuni, besi, matone yote, mng'aro, na tarehe. Na kipande cha nne cha jipsamu nimekizungushia khanga kuukuu nikakitia ndani ya sanduku la bibi kisione jua. Jicho la kushoto mama anafanywa baada ya mfungo mosi inshallah, na kashasema kile kipande kisitupwe mpaka akitizame kwa yote mawili.